Bima ya Nyumba Isiyouzwa

Ko. Ko. Pwu.

Mpaka leo naisikia. Ni kidole cha kati cha Mzee Ngonyani, mkaguzi aliyenifundisha kazi, kikigonga ukuta wa nyumba ya watu huko Yombo, siku yangu ya kwanza kazini. Mara mbili za mwanzo ukuta ulilia mkavu, kama unagonga jiwe. Mara ya tatu ukalia kama unagonga papai. Mzee akanigeukia, macho yanacheka.

"Umesikia hapo, binti? Hapo fundi alikula simenti."

Nikacheka hadi mwenye nyumba akatoka nje kuuliza kuna nini.

Nyie wadogo zangu mnaoanza sasa hivi kazi ya bima za nyumba, mmeniomba niwaachie maneno mawili matatu. Haya. Mie nimestaafu, nipo zangu Kibamba na kuku na mchicha, lakini mwili ndio uliostaafu. Ndoto bado zipo kazini. Shule yenyewe niliishia kidato cha nne, tena kwa kusukumwa, kwa hiyo nitaandika kama ninavyoongea, mkiona nimerukaruka rukeni nami hivyohivyo.

Kwanza niwaambie siri yangu. Katika miaka yote ile ya kukagua nyumba, sijawahi kuingia nyumba nisihamie. Yaani kichwani. Mwenyewe anaongea habari za ada ya bima, mie nishaamua kitanda kitakaa wapi na pazia litakuwa rangi gani. Mzee Ngonyani aliligundua hilo mapema. "Rehema, rudi," alikuwaga ananiambia, "hawajakupangisha." Lakini tabia hiyo ilinisaidia. Ukishalala kichwani kwenye nyumba ya mtu, unaona haraka ni nini kitakuamsha unakimbia.

Sasa, mteja wa bima akifungua mlango swali lake ni moja: "Shilingi ngapi?" Msijibu. Mkimjibu getini mtamdanganya, hata kama hamkukusudia. Mzee alinifundisha kuizunguka nyumba kwanza. Tazama juu, paa ni la nini. Tazama ukuta. Ingia ndani utazame soketi. Halafu, na hili wengi wanalisahau, toka nje utazame nyumba ya jirani, kwa sababu moto haujui mpaka wa kiwanja.

Paa, kwa mfano. Kule Kimbiji palikuwa na mama mmoja mwenye vibanda vya makuti vya kupangisha wageni. Vizuri mno, vimefagiliwa, mie nilihamia viwili kwa mpigo. Tulipomtajia ada akashika kiuno.

"Kibanda hiki nilipe kuliko ghorofa la Mbezi? We binti, jua limekuingia kichwani?"

"Mama yangu," nikamwambia, "ghorofa likishika moto, linaanzia chumba kimoja. Makuti yakishika, hujamaliza kuita 'moto' yamekwisha."

Akanitazama. Akalitazama jiko lake la kuni lililokuwa hatua chache tu kutoka kwenye kuti la mwisho. Kesho yake akalihamisha jiko kule chini kwenye mchanga, ndipo akatupigia simu. Ada ikashuka. Haikushuka sana, makuti ni makuti, lakini alifurahi kana kwamba tumempa zawadi.

Mbezi Beach nako kulikuwa na bwana mmoja mwenye nyumba kubwa na mbwa wawili waliokuwa na chuki na mie. Yeye alitutajia thamani ya nyumba kabla hata hatujakaa. Kubwa! Nikaanza kuandika. Mzee Ngonyani akanishika mkono.

"Kaka, hapo umeweka na kiwanja?"

"Lazima. Hapa baharini bwana, kiwanja ndicho mali."

"Hongera. Lakini kiwanja kikiungua kinakuwaje?"

Watu wengi sana wanakosea hapo. Wanaikatia bima nyumba kwa bei ambayo wangeiuza, na ndani ya bei hiyo kuna ardhi, kuna upepo wa bahari, kuna jina la mtaa. Bima haiulizi utauza kiasi gani. Inauliza: ikianguka leo, kuisimamisha tena ilivyokuwa itagharimu nini? Tofali, nondo, mbao, bati, fundi, kuzoa kifusi. Mchanga hauungui, jamani. Usiulipie.

Ada ya yule bwana ikapungua pale pale, akaagiza soda. Ile soda haijafika nikaona chini ya ngazi mapipa ya dizeli ya jenereta, yamefunikwa kitambaa cha meza kama vile ni stuli. Ikapanda tena. Mzee akasema baadaye kuwa tulimpa kwa mkono wa kulia tukachukua kwa wa kushoto. Soda tulikunywa.

Na waya! Ukiona soketi moja inabeba friji, televisheni, pasi na chaja za nyumba nzima, usiandike kitu. Muulize nani alifunga umeme. Ukiambiwa "shemeji," kaa chini kwanza.

Siku hizi naona mnapiga picha kwa simu, mnapaisha na ile ndege ndogo inayovuma kama nyuki, mteja analipa hajatoka kitandani. Napenda sana. Ningekuwa na ndege ile kipindi changu ningehamia nyumba za watu kupitia juu. Lakini picha hailii papai. Nendeni mkagonge.

Sasa niwaambie nyumba moja ya Tandika, maana hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi kuliko zote.

Ilikuwa nyumba ya urithi. Mama alishafariki, akaacha watoto watatu: mkubwa Kaka Seif, wa pili Bi Mwanaidi, na mdogo aliyeolewa Tanga. Mwanaidi ndiye aliyekuwa anaishi pale na wajukuu zake, pamoja na shangazi mzee wa ndugu hao watatu. Ukutani mbele, kwa rangi nyekundu, wameandika herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake kwa ndogo: ukiuziwa shauri yako.

Maandishi kama hayo mnayaona kila mtaa, lakini haya yalikuwa na kisa chake. Mama yao alipokuwa hai, alikwenda msibani Kisarawe. Kurudi akakuta lori mlangoni, watu wanashusha makochi. Tapeli alishaiuza nyumba kwa mtu wa watu, akamwonyesha vyumba na kupokea pesa, akapotea. Ilichukua muda na machozi mpaka kesi ikaisha. Kaka Seif ndiye aliyeandika maneno yale ukutani kwa mkono wake.

Bi Mwanaidi alinitafuta kwa sababu nyumba ya nyuma yao iliungua. Majirani wale nilipofika bado walikuwa chini ya turubai, wanapika wanalala humohumo. "Dada Rehema," akaniambia, "mie sina pengine. Hii ikiondoka, shangazi nampeleka wapi? Nami nakwenda wapi?" Nikamwambia tutaikatia bima. Tatizo ni kwamba mahakama ilimteua Kaka Seif kuwa msimamizi wa mirathi. Bila saini yake, hakuna bima. Wengine wanakata kwa jina la marehemu eti ndilo lililo kwenye hati. Msikubali hilo hata siku moja. Likitokea la kutokea, marehemu haji kudai.

Basi nipo na tepu yangu, nimeshika ncha moja, mjukuu mmoja kashika nyingine, akaingia mtu mrefu na kanzu, Kaka Seif mwenyewe.

"We dada. Kunja hiyo tepu."

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kunja."

Nikakunja.

"Mtu akija na tepu kwenye nyumba hii," akasema, "ujue kuna mwenzake mahali keshakula hela za watu."

"Kaka, mie si dalali, ni wa bima. Napima ili tujue thamani..."

"Thamani! Mwanaidi, umesikia? Leo thamani, kesho mnunuzi. Umesoma pale ukutani? Nyumba haiuzwi. Kisichouzwa hakina bei. Kisicho na bei mtakikatia bima ya nini?"

Mwanaidi alikuwa anachambua mchele uani, hakuinua hata kichwa.

"Sawa kaka. Moto ukija tutausomea hilo tangazo," Mwanaidi akamjibu.

Kaka Seif akaondoka bila kunywa chai, na kwa ndugu wa pwani hiyo ni habari kubwa.

Nikaenda kumweleza Mzee Ngonyani, nimenuna. Alikuwa anakula muhogo wa kuchoma nje ya ofisi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Wewe ulimuuliza nini yule ndugu?"

"Nilimwambia tunatafuta thamani."

"Basi ulimuuliza swali la dalali. Kamuulize swali la fundi."

Akanimegea muhogo.

Nikarudi Tandika Jumapili, bila tepu, mikono mitupu. Nikamkuta Kaka Seif barazani na shangazi. Nikasalimia, nikakaa, tukaongea habari za mvua. Halafu nikauliza, "Kaka Seif, hivi mama aliijengaje nyumba hii?"

Wadogo zangu, yule mtu alibadilika uso mbele ya macho yangu. Akaanza na msingi. Mama alikuwa anauza mihogo na samaki wa kukaanga pale pale mtaani. Kila akipata kidogo, ananunua simenti mfuko mmoja, wanafyatua tofali wenyewe uani, yeye Seif na koleo refu kuliko yeye. Akanionyesha kona walipoanzia.

"Chumba cha kwanza tofali zake mama alizihesabu moja moja, maana jirani mmoja alikuwa anaazima bila kuaga."

"Alikuwa anaiba," shangazi akasema. "Sema tu, mwenyewe keshakufa."

Akaeleza kenchi za paa zilivyokuja kwa mkokoteni kutoka Temeke, bati zilivyopigwa kwa awamu mbili ndiyo maana rangi hazifanani, silingi bodi ya sebuleni aliyoweka mama mwaka Mwanaidi alipoolewa, nondo, madirisha, choo cha ndani ambacho mama alikifungua kwa dua na pilau. Nami naandika. Akisema chumba, nauliza upana, anapima kwa hatua zake mwenyewe, anahesabu kwa sauti, mwisho tukawa tunazunguka nyumba nzima mimi na yeye, na Mwanaidi anatutazama dirishani kaziba mdomo kwa kanga.

Tulipomaliza nikajumlisha kwa bei za vifaa vya wakati ule na ufundi wake. Nikamwonyesha. Akashtuka.

"Hii ndiyo bei?"

"Si bei, kaka. Hakuna anayenunua. Hii ni gharama ya kuijenga tena kama mama alivyoijenga, asiwepo mama."

Shangazi akavuta mtandio wake, akafuta macho.

Mnafikiri ilikwisha pale? Bado. Mtu wa Dar ana akili nyingine ya akiba. Kaka Seif akainamia sikio langu.

"Sikia dada. Nimekubali. Ila andika kidogo. Andika nusu. Hesabu kubwa hivi ikijulikana, watu wana kijicho, itaamsha matapeli upya. Halafu si na ada inakuwa ndogo?"

Hapo ndipo bima nyingi za mitaani kwetu zinapofia. Siyo ubahili peke yake, ni hofu ya jicho la mtu. Nikavuta pumzi.

"Kaka Seif, ukijifunika nusu shuka, mbu anakuuma wapi?"

"Anapotaka yeye."

"Ndiyo hiyo. Ukiandikisha nusu ya nyumba, usidhani utalipwa kamili ikiungua nusu. Hata likiungua jiko peke yake, watasema huyu alilipia nusu, basi apewe nusu ya jiko. Utajenga jiko la kuta mbili?"

Shangazi akaangua kicheko. "La kuta mbili! Seif, moshi utatokea kwa jirani, tumelipiza tofali zetu!"

"Na hesabu hii," nikamwambia, "anaijua aliyesaini na kampuni. Haitaandikwa ukutani."

Akacheka naye, kwa mara ya kwanza. Akasaini? Hapana, akataka kwanza ada ipungue kwa njia ya haki, na hapo nikampenda. Tukatafuta. Uani kulikuwa na kibanda alichopanga fundi wa kuchomelea mageti, cheche zinaruka mpaka kwenye kamba ya nguo. Kibanda kile peke yake kilipandisha ada kuliko kitu kingine chochote.

"Si tumwambie siku ya ukaguzi asichomelee?" Kaka Seif akasema.

"Na siku ya moto tumwambie nani?" Mwanaidi akamjibu toka dirishani.

Fundi akahamia barabarani, na kwa kweli akapata wateja zaidi huko. Waya za zamani zikang'olewa, akaletwa fundi umeme mwenye leseni. Kizima moto kikatundikwa ukumbini. Uchochoro wa pembeni, uliokuwa umejaa mbao na ndoo mbovu, ukasafishwa. Wakakubali pia kwamba hasara ndogondogo, kioo kimoja, kitasa, watabeba wenyewe, na hilo nalo lilipunguza ada. Kila kimoja kilipunguza kidogo, mpaka ada ikawa ya kubebeka. Ndipo akasaini. Alisaini taratibu, kwa herufi zote za jina lake.

Moto ulikuja mwaka uliofuata, Ijumaa mchana, watu wanatoka msikitini. Haukuanzia kwao. Jiko la jirani wa kushoto lililipuka, moto ukaruka uchochoro. Kwa sababu uchochoro ulikuwa mtupu, vijana walipita na ndoo, wakapata pa kusimama. Nusu ya paa ikaenda, na vyumba viwili vya mbele na sebule. Hakuumia mtu, alhamdulillah. Shangazi walimtoa na kiti chake, watu wanne wamembeba kama bibi harusi, naye anapiga kelele, "Maharage yangu! Nani kaepua maharage?"

Nilipofika jioni Kaka Seif alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kanzu imejaa majivu. Hakunisalimia. Aliniuliza tu, "Dada Rehema, watajenga?"

Nikamwambia sijui bado, kwa sababu kweli sikujua. Mkaguzi wa madai si mimi, anatumwa mwingine, na kazi yake ni kutafuta sababu ya kutolipa. Siku zile nililala vibaya jamani. Kila nikifumba macho nipo ndani ya nyumba ile, nimehamia na shangazi na wajukuu, hatuna paa.

Mkaguzi akaja. Akauliza kibanda cha kuchomelea kilipo, akaonyeshwa barabarani. Akatazama waya, akapima kuta zilizobaki. Akalinganisha gharama tuliyoandika na nyumba yenyewe, vikalingana. Akauliza mwenye saini ni nani, Kaka Seif akatoa barua ya mahakama. Akaenda zake bila kutabasamu, wale hawatabasamu. Bi Mwanaidi na watu wake wakakaa kwa ndugu Mbagala, wanasubiri.

Kaka Seif alinipigia simu nikiwa sokoni nanunua nyanya.

"Dada Rehema. Wamekubali."

"Vyote?"

"Vyote. Paa, vyumba, sebule, mpaka kuzoa kifusi. Yule mbu kakosa pa kuuma."

Muuza nyanya akaniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia nyanya zako nzuri. Akaniongezea mbili.

Sitawaficha, wadogo zangu: kazi hii ina kuchoka na kutukanwa getini, na kuna wateja watakaokuona mwizi kila mwaka ambao hawakuungua. Vumilieni. Mtu anayelipa miaka mingi bila kuungua amefaidika, tatizo ni kwamba faida yake haionekani. Nyie mkiwafanya wakaondoa dizeli chini ya ngazi, mshafanya kazi.

Asubuhi ambayo mafundi walikuwa waanze kujenga, nilitoka nyumbani alfajiri nikaenda Tandika. Sikutumwa na mtu, na kazi ya ofisi pale ilikuwa imekwisha. Familia bado iko Mbagala, mafundi hawajafika. Mlango wa mbele haukuwepo, limebaki tundu tu na kizingiti cheusi, na mle ndani sebuleni, pale ilipokuwa silingi ya mama, kuna mbingu. Sakafu yote majivu na misumari ya bati.

Hakukuwa na mtu wa kuniona. Nikapiga hodi. Nikangoja kidogo, kama inavyotakiwa. Kisha nikavua viatu, nikavipanga pembeni ya kizingiti, nikaingia.